Mguu Niliourudisha

Soweto, Mbeya
Jumamosi alasiri

Mwanangu Atupele,

Ya kukujulia hali nayaacha, maana hali yako naijua. Saa moja iliyopita ulikuwa hapa mbele yangu ukibishana na mama yako kama blanketi mbili zitaingia kwenye begi au haziingii. Sasa mmekwenda Uyole kumuaga mama yako mdogo, nyumba imetulia, nami nimekaa kwenye benchi langu la kazi. Karatasi nimeiweka juu ya ubao wa paina nilioupiga randa jana. Ukiona mwandiko umepinda usilaumu miguu yangu, laumu randa.

Mambo ya safari mama yako ameshakuambia mara tatu. Sitayarudia. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema Jumatano.

Nilijikwaa kwenye kizingiti cha jikoni, nikashika fremu ya mlango, basi, nikasimama. Wewe ukaweka sufuria chini. Ukanitazama miguu, kama unavyonitazama kila siku ukiingia ndani, hata kabla hujavua viatu. Kisha ukasema polepole, "Baba, labda niahirishe chuo mpaka mwakani."

Nami nikasema, "Chakula kinapoa."

Hilo ndilo jibu nililokupa. Nimekaa nalo siku tatu, na kila siku linaniuma zaidi, kwa sababu siyo mara ya kwanza nakujibu hivyo. Jibu la kweli ni refu, na ndani yake mna jambo usilolijua. Ulisome lote kabla hujaamua chochote.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoanza kukohoa. Wakati huo nilikuwa fundi wa kupaua, na nisemeje, nilikuwa fundi kweli. Kuanzia Uyole mpaka Mbalizi kuna nyumba nyingi ambazo kenchi zake za paa nilizipandisha mimi. Nilikuwa natembea juu ya boriti nyembamba nimebeba bati begani, napiga mluzi. Watu walisimama chini kunitazama. Nilikuwa najua wananitazama.

Kifua kikuu kiliponipata nilipewa vidonge vya miezi sita. Mwezi wa tatu nikajiona nimenona, sikohoi tena, nikaviacha. Mama yako aliniuliza nikamwambia vimekwisha. Kikarudi, na safari hii kikaja na nguvu, wakaongeza na sindano, kila siku kwa miezi miwili. Sindano zile ziliniponya. Sizilaumu. Bila hizo ungekuwa yatima. Lakini zilipokuwa zinanitibu kifua, ziliharibu kitu kingine ambacho hata sikujua kama ninacho.

Asubuhi moja nilitoka kwenda chooni nikaona ukuta wa jirani unarukaruka. Nikasimama, ukatulia. Nikapiga hatua, ukaruka tena, kama picha ya simu iliyopigwa na mtu anayekimbia. Nikadhani ni njaa ya dawa. Nikakaa nalo wiki tatu bila kumwambia mtu. Jioni giza likiingia ilikuwa mbaya zaidi, miguu haikujua ardhi iko wapi. Nilikuwa nashika ukuta kwa mgongo wa mkono ili ionekane kama naupapasa tu, kama mtu anayekagua plasta.

Nilirudi kazini hivyo hivyo. Nikapanda ngazi, nikafika katikati, nikageuza kichwa kumwambia mwenzangu alete misumari, na dunia yote ikaondoka. Yeye ndiye aliyenidaka kiunoni. Akanishusha chini, akaninusa mdomo. Hakuniuliza kama naumwa. Alininusa.

Kisha ikaja Jumapili ya mavuno. Hiyo unaikumbuka, ulikuwa kwenye kwaya ya watoto. Nilibeba kikapu cha mahindi kwenda mbele. Nilipofika katikati ya kanisa kwaya ikaanza kuimba, watu wakawa wanayumba huku na huku kwa wimbo, na macho yangu yakayumba nao. Nikaenda mrama kama kuku aliyepigwa na mvua, nikaangukia benchi la wazee, mahindi yakatapakaa sakafuni. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Jumanne wakaja wazee wawili nyumbani. Walikaa, wakanywa chai, wakazungumzia mvua. Mwishowe mmoja akasema, "Baba Atupele, sote ni binadamu, majaribu yapo. Kanisa halikutupi. Ila ukisema mwenyewe ni vizuri zaidi."

Ilikuwa rahisi kabisa kusema, "Wazee wangu, naumwa. Sijui ni nini, lakini nimeshindwa kusimama." Maneno machache. Nikasema, "Kama mmeona nimelewa, basi nimelewa," nikawafungulia mlango.

Nilijiona mwanaume siku ile. Wiki iliyofuata ulirudi kutoka shuleni kola ya shati imechanika. Hukutaka kusema. Mama yako ndiye aliyekubana mpaka ukasema: walikuita mtoto wa mlevi, ukampiga mmoja, wakakupiga watatu. Mimi nilikuwa chumba cha pili nasikia. Sikutoka.

Ni wewe uliyeingia. Ulisimama mlangoni, kijitu kidogo chenye kola iliyoning'inia, ukasema, "Baba, ukinishika bega hawataona."

Hivyo ndivyo bega lako lilivyoanza. Sikukuomba, ni kweli, lakini nililichukua. Kanisani, dukani, hospitali, mkono wangu juu ya bega lako. Watu waliona baba na binti yake wanapendana.

Hospitali ndipo walipojua. Daktari alinisikiliza, akaniuliza habari za sindano, akaniandikia niende kwa watu wa mazoezi. Nikajua nimepuuzwa. Mazoezi? Mimi niliyebeba mbao maisha yangu yote?

Mama Nyagawa wa mazoezi humkumbuki kwa ukali wake tu, natumaini. Mama mfupi wa Kibena, amevaa raba, nywele zimefungwa kitambaa. Aliposikia natoka Kilolo akanisalimia kwa lugha ya kwetu, "Kamwene," nikaitikia, na kabla sijamaliza kufurahi akasema, "Vua viatu. Unganisha miguu. Fumba macho." Nilifumba. Sikuhesabu hata tatu, nikawa mikononi mwake. Mama mfupi vile, alinishika kama gunia la pamba.

Akanikalisha, akanieleza kwa namna ambayo hata wewe uliyekuwa pembeni ulielewa. Akasema mtu anasimama kwa vitu vitatu: macho yanaona kilichonyooka, nyayo zinasikia ardhi, na ndani kabisa ya sikio kuna kitu kinachojua kichwa kimeelekea wapi hata gizani. "Hicho cha tatu kwako kimekufa, pande zote mbili," akasema. "Sitakudanganya, hakirudi. Lakini hivyo viwili vilivyobaki vinafundishika. Tutavifundisha mpaka vifanye kazi ya vitatu."

Nikamwuliza kama nitapanda paa tena.

"Hapana," akasema.

Nilimchukia kwa mwezi mzima, na sasa namheshimu kuliko wote, maana kila mtu mwingine alikuwa ameniambia, "Mungu ni mwema, utapanda tu."

Ukachora herufi A kwa mkaa ukutani mwa chumba changu. Kazi yangu ilikuwa kuikodolea macho huku natikisa kichwa kushoto na kulia, na herufi isiruke. Iliruka. Nilitapika siku ya kwanza. Mama Nyagawa akasema vizuri, kesho tena, lakini kwa muda mfupi zaidi. Nilisimama juu ya godoro lililokunjwa, ambapo nyayo hazipati ardhi ngumu. Nilitembea kwenye korido ya hospitali kisigino mbele ya dole gumba, huku nageuza kichwa kana kwamba naitwa na watu wa pande mbili. Wewe ulikuwa unahesabu kwa sauti. Ulikuwa unanidhulumu, ukifika kumi na tano unarudia kumi na mbili. Nilijua.

Na kulikuwa na lile zoezi la kusukumwa. Ananiambia nisimame, anaanza kuzungumza habari za bei ya viazi, halafu ghafla ananisukuma bega. Mwanzoni nilikuwa naanguka kama nguzo. Akasema watu wote wanayumba, hata yeye anayumba. Asiyeanguka ni yule ambaye mguu wake unawahi kutoka. "Usifikiri. Tupa mguu." Siku baada ya siku, viazi, kusukumwa, tupa mguu. Hata ikafika mahali mguu ukawa unatoka wenyewe kabla sijajua nimesukumwa. Siku ya kwanza ilipotokea hivyo alipiga makofi, ndiyo mara pekee nilimwona akicheka meno nje.

Kufikia Desemba ya mwaka ule ulipomaliza darasa la saba, nilikuwa natembea. Si kama zamani. Lakini kutoka hapa Soweto mpaka hospitali ningeweza kwenda peke yangu mchana kweupe, kwa fimbo, polepole. Mkono ulikuwa bado begani kwako, lakini haukuwa na uzito. Ulikuwa pale kama kofia inavyokuwa kichwani kwa mtu, kwa mazoea.

Siku moja Mama Nyagawa akatuona tukiingia getini. Akaniuliza, "Huo mkono unafanya nini hapo?"

"Unanisaidia."

"Utoe."

Nikautoa, nikatembea mpaka mlangoni kwake, sikuyumba. Tulipotoka, tulipopita kona ambako hawezi kutuona, niliurudisha.

Majina yalipotoka, ulichaguliwa kwenda bweni Iringa. Mwalimu wako alikuja mwenyewe kutuambia. Mama yako alipiga vigelegele mpaka jirani akaja na kuku akidhani kuna mchumba. Nami nilifurahi, Atupele. Nataka uamini hilo. Nilifurahi, na chini ya furaha kulikuwa na kitu baridi ambacho nilikuwa sikitazami.

Siku moja kabla ya kuondoka kwako, kama saa kumi jioni, ulikuwa uani karibu na karo la kufulia unasugua viatu vyeusi. Shati jeupe la shule lilikuwa kwenye kamba. Nikatoka chooni na kopo la maji mkononi. Ardhi ilikuwa imelowa, kisigino kikateleza kidogo. Kidogo tu. Nikaanza kwenda mbele.

Na mguu wa kulia ukatoka.

Hili ndilo jambo lenyewe. Mguu ulitoka wenyewe, kama ulivyofundishwa. Niliusikia unanyanyuka. Ningesimama. Ningemwaga maji, ungesema, "Pole, Baba," nawe ungeendelea na viatu vyako. Lakini kwa muda ule mfupi, mfupi kama kijiko kinavyodondoka mezani, nilikuona mgongo wako umeinama pale karoni, nikawaza kesho saa hizi hayupo. Nani atasimama kati yangu na macho ya watu. Na mguu nikaurudisha.

Sikujitupa chini. Miaka yote hii nimejitetea kwa hilo, kwamba sikujitupa. Nilikataa tu kujizuia. Lakini mimi ni fundi. Ukiona kenchi inaondoka na wewe una kamba mkononi, usipoivuta, huwezi kusema iliangushwa na upepo.

Kovu la hapa juu ya nyusi unalijua. Ni ukingo wa karo. Ulikimbia, ukavuta lile shati jipya kwenye kamba, ukanigandamiza nalo usoni mpaka likawa jekundu lote. Ulikuwa hulii. Ulisema, "Siendi, Baba. Siendi." Ulisema kama mtu mzima.

Mama yako alikubembeleza jioni ile na asubuhi yake. Akasema atamwita mdogo wake aje kukaa nami. Akasema shati litanunuliwa jingine. Ukakataa. Mwishowe akanigeukia, "Baba Atupele, mwambie mwanao."

Nikasema, "Mtoto ameshaamua."

Kuanguka kulichukua nukta moja, na nikiwa na huruma na nafsi yangu naweza kusema ni hofu iliyonishika. Lakini maneno haya niliyasema nimekaa kitini, nimeshafungwa bandeji, nimekunywa chai. Basi la Iringa lilikuwa bado halijaondoka. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kurekebisha, nikakunyamazia. Kati ya yote niliyokukosea, asubuhi ile ndiyo inayonirudia nikiwa napiga randa peke yangu.

Ukaenda shule ya kata hapa hapa.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa Mama Nyagawa na bandeji yangu. Akaitazama, akauliza nilianguka upande gani. Nikasema mbele. Akauliza, "Na mguu?" Nikasema uliteleza. Akanisimamisha, akanisukuma bila hata kutaja viazi. Mguu ukatoka. Akanisukuma upande wa pili. Ukatoka. Akakaa kwenye kiti chake, akaanza kufunga kamba za raba ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Binti yako alikuwa aende Iringa mwezi huu," akasema.

"Amekataa. Ameona hali yangu."

"Ameona alichoonyeshwa." Kisha akasema, "Mimi kazi yangu ni miguu, baba. Hayo mengine ni yako wewe na mwanao. Ila kuanzia Jumatatu unakuja peke yako. Ukija naye, sikupokei."

Nikaenda peke yangu. Unakumbuka nilikuambia hospitali wamebadilisha taratibu, hawataki wasindikizaji? Ulikuwa uongo. Siku ile ya kwanza nilitumia saa nzima na nusu kwa njia ya nusu saa. Vijana wa bodaboda waliniita, "Mzee, mapema yote hii?" Niliendelea kutembea. Nikafika shati limeganda mgongoni kwa jasho, nikamkuta Mama Nyagawa amesimama getini. Hakunisifu. Alitazama saa yake akasema kesho nitawahi.

Mama yako nilimwambia baada ya Pasaka. Hakusema nami siku tatu. Siku ya nne akaniwekea uji mezani akasema, "Utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sitakubebea hilo." Kwa hiyo usimkasirikie kwa kunyamaza. Amekuwa akiningoja miaka minne.

Kwa nini sikukuambia? Mwanzoni niliogopa utanichukia. Baadaye ulikuwa unafanya vizuri, nikajiambia kumbe haikuharibika kitu. Lakini nilikuwa naona. Fizikia hamkuwa na mwalimu miaka miwili, ukawa unaazima daftari za mtoto wa mwenzangu. Safari ya darasa kwenda ziwani ulikataa, ukasema hupendi mabasi. Kwaya uliacha kwa sababu mazoezi yalikuwa jioni na jioni ndipo macho yangu hayanisaidii. Hukulalamika hata siku moja, na mimi nilichukulia kutolalamika kwako kuwa ndiyo ruhusa.

Sasa umechaguliwa chuo cha misitu Arusha, unapenda miti kuliko mtu yeyote ninayemjua, na watu watakuambia Mungu aligeuza baya likawa jema. Waache waseme. Labda ni kweli. Mimi sitajificha nyuma ya neno hilo.

Kuna safari moja nataka uijue. Ulikuwa kidato cha pili, una mitihani, mama yako yuko sokoni, bibi yako akaugua Kilolo. Nikaenda peke yangu. Basi likasimama Nyololo, abiria wakashuka kuchimba dawa. Ukungu ulikuwa mzito, hauoni hata mtu aliye hatua tano. Niliingia vichakani, nikamaliza shida yangu, nikageuka, na sikuona kitu. Chini ni matuta ya nyasi, juu ni weupe mtupu. Macho hayana cha kushika, nyayo hazina cha kukanyaga. Nikapiga magoti. Nilisikia kondakta anagonga bodi la basi, anaita watu.

Kulikuwa na mama anauza viazi vya kuchemsha kando ya barabara, nilisikia sauti yake anaita wateja. Nikapaza sauti, "Mama! Samahani, naomba unishike mkono. Sikio langu limeharibika, siwezi kusimama kwenye ukungu. Sijalewa."

Akaja, na sinia lake kichwani. Akasema, "Kwani nimekuuliza kama umelewa?" Akanishika kiwiko, tukatembea hatua kama ishirini, akanifikisha mlangoni pa basi. Akaniambia nipite salama. Hata uso wake sikuuona vizuri.

Nilikaa kwenye kiti changu, basi likaondoka, na kutoka pale mpaka Mafinga nilikuwa nalia, jirani yangu akajifanya amelala. Maneno yale niliyoyasema kwa muuza viazi ndiyo niliyowanyima wazee wa kanisa. Ndiyo niliyomnyima yule aliyeninusa mdomo. Nilihitaji mkono wa hatua ishirini. Badala ya kuuomba kwa mtu mzima aliyekuwa karibu, nikachukua bega la mtoto na miaka yake.

Nilipofika Kilolo kaka yangu alinipokea kwenye njia ya mteremko, akanyoosha mkono. Nikamwambia, "Nishike hapa kwenye mawe, nikifika kwenye tambarare niache." Akafanya hivyo hivyo. Hakuna kilichovunjika.

Jumapili baada ya kurudi ndipo nilipowafuata wale wazee wawili nyumbani kwao. Nilifikiri nitawaeleza kwa dakika tano nikaishia kukaa kwa muda wa saa mbili. Mmoja wao ana mke anayeanguka tangu apate kiharusi, alikuwa amemficha ndani. Sasa mke wake anakwenda kwa Mama Nyagawa kila Alhamisi. Hayo nayo sikukuambia, nilikuambia nilikwenda kuangalia mbao.

Basi turudi Jumatano, kwenye kizingiti. Wewe uliona baba anajikwaa. Mimi nilisikia mguu wangu unatoka kabla sijauamuru, mkono unakwenda kwenye fremu, mwili unarudi mahali pake. Umri huu, kwa sikio lililokufa, hiyo si dalili mbaya. Hivyo ndivyo ninavyosimama siku hizi. Sipandi paa, lakini kenchi nazipima na kuzigonga hapa chini, vijana wanazipandisha, na hakuna iliyopinda bado.

Mimi ni mzima kiasi cha kutosha. Ungeweza kuondoka miaka minne iliyopita. Ukiahirisha chuo kwa ajili yangu, utakuwa unaahirisha kwa ajili ya jambo lisilokuwepo, kama lile la kwanza lisilokuwepo.

Sina mashauri mengi. Ninayoweza kusema ni kwamba huko Arusha itakuja siku utashindwa kitu, na utaona aibu, na patakuwa na mtu mwema kando ambaye utatamani kumwegemea moja kwa moja. Sema mapema unaumwa wapi. Omba hatua ishirini. Na wewe mwenyewe ukiegemewa, tazama kama mkono una uzito. Ukiona hauna, una haki ya kuuliza unafanya nini hapo.

Kunisamehe ni kazi yako, sikuharakishi. Usinijibu kesho stendi, watu wengi, mama yako atalia, tutachanganyikiwa. Ukitaka kukaa mwezi bila kunipigia, kaa. Ukitaka kunigombeza, gombeza, ila piga mchana, usiku mtandao huku unakatika na sitaki nipoteze hata neno moja.

Jambo moja tu nakuomba, na hili ni ombi la kweli. Siku moja watakupigia simu wakuambie baba ameanguka. Itatokea, maana mimi ni mtu wa kuanguka, daktari ameniambia na nimekubali. Usikimbilie stendi. Usifunge begi. Muulize kwanza huyo aliyepiga, "Ameshainuka?"

Akisema ndiyo, rudi darasani.

Baba yako